Karatasi Zilipokoma

Katika hospitali moja ya Peshawar, ndugu wa mgonjwa husoma hali yake kwa karatasi. Muuguzi akitoka chumba cha upasuaji na karatasi iliyoandikwa leta damu, leta uzi au leta dawa, wao hutoka mbio kwenda dukani na roho zao hutulia, kwa maana maiti hanunuliwi uzi. Ni aibu kumtuma mtu dukani fuvu la ndugu yake likiwa wazi, lakini ndivyo walivyozoea.

Siku hiyo karatasi zilikoma saa nne asubuhi, kwa sababu kazi ilikwenda vizuri. Daktari Palwasha hakuhitaji tena kitu. Zarwali, dereva wa malori, alikuwa amelala mbele yake kichwa wazi, na sehemu kubwa ya uvimbe ilikuwa imekwisha kutoka. Palwasha alijaza maji ya chumvi kwenye shimo, akaweka juu ya ubongo kifaa cha ultrasaundi kisichozidi kidole gumba, akatazama skrini. Ubongo ulionekana wa kijivu, ukipwita. Chini kabisa palikuwa na doa jeupe la uvimbe kama punje ya dengu.

"Mwizi mmoja kabaki," akamwambia Ihsan, msaidizi wake. "Kajibanza palepale penye maneno. Nikiteleza, huyu anaamka bubu."

"Usiteleze basi, dada. Hata chai hatujanywa."

Mkono mmoja ukashika kifaa, wa pili ukashusha mrija wa kufyonza, macho hayabanduki kwenye skrini. Hapo ndipo mlango ulipopigwa teke.

"Saa nzima hakuna karatasi!" Ilikuwa sauti ya Shamroz, kaka yake mgonjwa. "Wamemuua, wanatuficha!"

Mlinzi wa mlangoni alipiga ukelele mmoja, akanyamaza. Bawaba zikang'oka, Shamroz akaingia na bastola na vumbi la barabarani. Ihsan akajitupa katikati. Alipigwa kitako cha bastola usoni, taya likavunjika, akaanguka akitema meno.

"Usinisogelee, mjinga wewe!" Palwasha alifoka. "Kichwa kiko wazi!"

"Kichwa cha maiti!" Akamkamata bega, akamvuta.

Mrija ukazama pasipotakiwa. Palwasha alimchukia mtu yule kuliko alivyowahi kumchukia kiumbe yeyote, lakini mkono wake wa kushoto haukukiachia kifaa.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema, meno yamebanana, "ila wewe nakuambia. Tazama skrini."

"Nini hicho kinachopwita?"

"Ubongo wa nduguyo. Yu hai."

Bastola ikashuka. "Hai? Wallahi?" Akaanza kucheka huku analia. Kisha akaona weupe mpya ukitanda chini kwenye skrini, ukikua kama maziwa yanayofurika sufuria. "Na ule?"

"Damu. Umeimwaga wewe, sasa hivi. Toka!"

Palwasha alipigana na damu ile dakika arobaini. Zarwali akaponea chupuchupu.

Siku ya tatu aliamka, akawatambua wote, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Wanaume wa ukoo waliojaa wodini wakamgeukia Palwasha, na mmoja akamkaba koo.

"Muulizeni Shamroz," Palwasha alisema akikoroma. "Aliona nini kwenye skrini?"

Mzee Gulbaz, baba yao, akamtazama mwanawe mkubwa. "Uliona nini?"

Shamroz hakuwa mwongo, hilo tumpe. "Ni mimi, baba. Nilimvuta dokta, akamchoma."

Mzee aliinua bakora yake yenye kichwa cha chuma, akampiga utosini mpaka damu ikaruka ukutani, akainua tena. Shamroz hakujikinga. Kitandani Zarwali alifungua kinywa kumwambia baba yake aache, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yanamtiririka. Neno halikuja, na bakora ikashuka.