Chini ya Gari la Abeid

...na kama ni hivyo basi aseme tu limekufa, neno moja, limekufa, nani atambishia, fundi akishalala chali chini ya gari akatoka na kutu kwenye ndevu akasema limekufa basi limekufa, waje wenye misumeno walikatekate, boneti liwe paa la banda la kuku, na habari za Abeid ziishe, maana mtu huyu amekufa mwaka ule ule wa Uhuru, homa ya siku tatu huko Kitaya alikokwenda kufuata mpunga, akazikwa, akasomewa hitima, na bado gari lake limesimama hapa Mikindani juu ya matofali kana kwamba mwenyewe kaenda msikitini, anarudi sasa hivi. Bwanaheri akagonga chesisi kwa kinyundo chake, du, akasogeza mgongo juu ya gunia, akachagua mahali pengine penye kutu nene, akagonga tena, du, na kule nje kwenye mwanga miguu ya mkewe haikutikisika, miguu tu ndiyo aliyokuwa akiiona, vifundo na pindo la kanga, mwenyewe amekaa juu ya kibao cha mbuzi na ungo mapajani anachagua mchele, vipi, akauliza Mwanakombo, subiri kwanza, akajibu, na anasubiri nini, kila kitu keshakijua tangu juzi alipomimina mafuta kwenye matundu ya plagi, akayaacha siku mbili, na leo asubuhi akatia hendeli akazungusha na injini ikazunguka, ikashusha pumzi kama mtu aliyeamshwa, miaka kumi na mmoja haijaguswa na inazunguka, akatamani kuizaba kofi.

Mbao za milango zimeliwa na mchwa, ndiyo, kwenye viti panya wamezaliana mpaka wajukuu, bati la chini limeoza kwa chumvi ya bahari, taa moja haipo, na Riley ngapi ziko Mtwara nzima, moja, hii hii, spea zake utazitoa wapi, hata Dar es Salaam watakucheka... lakini mbao ni mbao, seremala yupo, bati ni la kukata na kuchomelea, viti ni ngozi ya mbuzi na uzi, chesisi ndiyo neno, na chesisi ni nzima toka mbele hadi nyuma, gari ni chesisi na injini, mengine ni nguo tu, hilo analijua, na ndiyo maana anagonga penye kutu tu, maana chuma kilicholiwa husema du na chuma kizima hulia ngaa mpaka barabarani, na Mwanakombo ana masikio, miaka tisa amekaa kwenye gereji yake akichagua mchele wake, akisikia ngaa na du, du, haya mama, sikia mwenyewe, marehemu ameoza. Astaghafirullah. Si marehemu, gari. Gari limeoza. Angalau hapa. Nataka mwanangu Zuhura atoke kwenye gari la baba yake, ndivyo alivyosema Mwanakombo, mdomo mkavu, harusi ni Mfungo Mosi, Idi ikishapita tu, na Bibi Ashura, mama yake Abeid, aliyelifungia banda hili kufuli miaka yote hiyo hata jogoo haingii, akatoa ufunguo kwenye upindo wa kanga akasema gari ni la mjukuu wangu, mtafutieni fundi, mtafutieni fundi! yeye Bwanaheri amesimama pale pale mbele yake na spana mkononi, mtafutieni fundi. Gari la baba yake. Na aliyemfundisha Zuhura kupanda baiskeli kule Mtawanya, akamkimbilia nyuma ameshika kiti mpaka mapafu yakawaka, yeye nani, na aliyembeba mgongoni kumpeleka hospitali alipochomwa na mwiba wa samaki taa, yeye nani, yeye ni mume wa mama, siku ya harusi atasimama pembeni na kanzu yake mpya huku mwanamwali anapita ndani ya Abeid, amekalia kiti cha Abeid, na watu wa Mikindani wanafuta machozi, mwaona, baba yake kaja kumchukua.

Na alikuwa akipita hivyo hivyo, mpumbavu yule, si mpumbavu, alikuwa dereva hodari, ndilo linalouma, dereva wa Mzungu wa mradi wa karanga, karanga zilipokataa kuota na Wazungu wakafunga mizigo yule bwana akamwachia gari, rangi ya damu ya mzee, inang'aa hata uone meno yako, na siku moja Bwanaheri anatoka kwao Ziwani na mzigo wa mihogo kichwani, akasikia honi, akapisha, akala vumbi, na ndani ya vumbi hilo akamwona Abeid kiwiko nje ya dirisha na pembeni yake mwanamke anacheka, kichwa kakirudisha nyuma, anacheka jambo ambalo Abeid kamwambia, jambo gani, miaka ishirini hajajua ni jambo gani, na mwanamke huyo sasa anampikia yeye, analala naye, akitabasamu hutabasamu vizuri tu, lakini kicheko kile cha kurudisha kichwa nyuma hajawahi kukiona tena, sijui kilizikwa, sijui kimo humu garini chini ya vinyesi vya panya. Jogoo la shamba haliwiki mjini, walisema alipomwoa. Akawika. Anajulikana toka Mikindani hadi mtoni, Fundi Mpingo, muulize yeyote, hata makarani wa bandarini kutoka Bukoba na Songea wasiojua mtu wanamjua Fundi Mpingo, hilo angalau ni lake, hilo Abeid hakuwa nalo. Akajivuta kuelekea springi za nyuma, hapa lazima pameliwa, hapa maji ya chumvi hukaa, akafuta tope la grisi kwa kitambaa, akatazama bushi, kile kipete kinachokaa kwenye sikio la springi ili chuma kisile chuma, kilikuwa cheusi, grisi tu hiyo, akafuta tena, cheusi, akakwaruza kwa ncha ya bisibisi, na ndani ya mkwaruzo bado cheusi, cheusi chenye mng'ao, na si chuma, chuma hakikwaruziki hivyo...

Mpingo. Hapana. Akakwaruza cha upande wa pili. Mpingo, umechongwa duara safi, na katikati ya tumbo lake umepigwa mfereji mwembamba wa mafuta unaozunguka kama meno ya parafujo, mfereji wake, alama yake, mfereji ambao mafundi wa Lindi walikuja kuutazama wakatikisa vichwa... nani kaweka, nani kaingia humu, hakuna aliyeingia, kufuli lilikuwapo tangu matanga, basi mwenyewe ndiye aliyeweka, Abeid, kabla Bwanaheri hajajua hata kushika spana, na moyo ukamwenda mbio kama mwizi aliyesikia jina lake, maana ile hadithi ya Fundi Mpingo kaisimulia mara ngapi, lori la korosho limekufa springi, masika, Rufiji imefurika, hakuna spea inayovuka, na yeye akalala mchana akaota babu yake mchongaji anampa kipete cheusi, akaamka akachonga, Mungu akijalia hukufunulia ndotoni, watu barazani, loo, na Mwanakombo pale pale anamimina kahawa. Hakuota kitu. Sasa anakumbuka, tena hakuwa amesahau, alikuwa amepafukia tu... mwaka wa kwanza wa ndoa, mchana, sinia ya wali imewekwa na yeye hali, ananung'unikia bushi, na mwanamke huyu akasema mbona wachongaji wanachonga mti unaoshinda chuma, wewe huwezi kuchongesha hako kadude, Bwanaheri akacheka, akasema wewe kula, na mkewe akasema kwanza auchemshe kwa mafuta ya nyonyo, halafu auwekee njia ya mafuta, akachora kwa kidole juu ya mkeka, hivi, inazunguka, na mwanamke ambaye hajawahi kufungua hata nati ya baiskeli angejuaje mambo ya nyonyo, na kwa nini Bwanaheri hakuuliza, hakuuliza kwa sababu alijua kwamba akiuliza atajibiwa. Kwa hiyo hata jina. Kitanda nilikuta, mtoto nilikuta, haya, lakini hata jina, yule maiti aliniachia jina lake nivae kama kanzu kuukuu, gari hili likitoka hapa likapita mjini kila fundi atalala chini yake atazame, ni Riley, nani asiyetaka kutazama, na wataona, watasema aa, kumbe... basi limekufa, liuawe leo leo, au avitoe hivi vipete, ni kugonga mara mbili tu, vinne vyote mfukoni, aweke vingine, nani atajua, akaweka ncha ya bisibisi kwenye ukingo wa kipete, na Mwanakombo kule nje akasema taratibu, bila kuacha kuchagua mchele, umefika kwenye springi?

Bisibisi ikasimama. Nimefika, akasema. Aa, akasema mkewe, na punje moja mbovu ikaruka ungoni ikaanguka karibu na kidole chake cha mguu, kisha akasema, mimi huko chini sioni kitu, mimi nachagua mchele, kilichoko huko unakiona wewe peke yako... siri ya mtungi aijuaye kata, kumbe kata ndiyo hii hapa, miaka tisa, anamimina kahawa, anasikia ndoto ya babu mchongaji ikirefuka kila mwaka, safari nyingine babu ana hata kilemba, na hakusonya, hakukohoa, hakumwambia shoga wala mama mkwe, na mji mzima ukimwita Fundi Mpingo yeye hakumwita hivyo hata siku moja, humwita fundi, basi, na Bwanaheri akidhani ni haya za wanawake, kumbe alikuwa akikwepa kusema uongo na akikwepa kusema kweli, akatembea katikati, miaka tisa, mtu hachoki? Na siku ile mkekani angeweza kusema marehemu mume wangu alifanya hivi, angemuua, hakusema, akampa kitu cha Abeid bila Abeid mwenyewe, akakimenya kwanza, akampa. Abeid alipata kicheko. Hii hakuipata. Hii ya kunyamaziwa mbele ya watu nani amewahi kuipata, na ukiitazama sana inatia aibu, na ukiitazama zaidi kidogo... na wivu haukuondoka, tusidanganyane, ulisogea tu kama mtu anayempisha mwenzake mkekani, bado uko, utakuwapo siku ya harusi umevaa kanzu mpya. Watasema aa, kumbe. Na waseme. Nani atalichomelea bati hili, Abeid? Nani ataliendesha na mwanamwali ndani, Abeid? Akaitoa bisibisi kwenye ukingo wa kipete, akapangusa vumbi la ule mkwaruzo kwa dole gumba, na mkewe akauliza tena, sauti ile ile ya kuchagua mchele, haya, Fundi Mpingo, linafaa halifai? Fundi Mpingo. Akasikiliza kama kuna dhihaka ndani yake, ilikuwamo, kidogo, kiasi cha chumvi, na chini ya dhihaka kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukigusa, akakiacha pale pale kisije kikavunjika, kutu imemwingia jichoni, miguu ile bado iko pale kwenye mwanga inangoja, akapapasa chesisi kwa kiganja, akaruka madoa yote ya kutu aliyokuwa akiyagonga tangu alipoingia humu, akapata chuma kizima, akainua kinyundo, akagonga kwa nguvu ili mkewe asikie.