Kijani cha Mahparvar

Mahparvar alikuwa amekwisha kupaka uwanda wote wa picha yake rangi ya kijani alipokiona kikombe cha zafarani rafuni, kimejaa vilevile.

Kwa miaka sita, katika nyumba hiyo ya watengeneza vitabu mjini Shirazi, alikuwa akiwasagia wengine rangi. Huu ulikuwa ukurasa wa kwanza ambao baba mkwe wake, Mirza Qavam, alimruhusu kuchora nyuso. Kama usingempendeza mzee, angerudi kwenye jiwe la kusagia.

Utenzi wa kitabu hicho ulisema kwamba mama wa shujaa aliyeuawa alivaa buluu ya matanga, na buluu hiyo ilikuwa imekaa vema. Kijani, hata hivyo, kilitokana na kutu ya shaba. Na kutu hiyo isipochanganywa na zafarani huila karatasi polepole mpaka ikatoboka.

"Umeisahau?" mama mkwe wake alicheka. "Basi nipe mimi niitie kwenye wali. Wali hausahauliwi nyumba hii!"

Mumewe, Farrokhzad, alimnong'oneza, "Usimwambie Baba, mke wangu. Mnunuzi anakuja alasiri. Karatasi itakapotoboka, sisi tutakuwa tumekwisha kuoza kaburini."

"Na nyuma yake kuna maandishi ya nani?"

"Yangu."

"Basi beti zako zitaliwa na majani yangu."



Mahparvar alichukua pamba yenye unyevu, akakiondoa kijani chote kidogo kidogo. Kwa kuwa lilisalia doa, alilifunika kwa rangi hafifu ya udongo. Kisha akaupeleka ukurasa kwa mzee, akamweleza kosa lake bila kujitetea.

Mirza Qavam aliugeuza, akazipapasa beti za mwanawe, akaugeuza tena.

"Mama analia, nawe ulimpandia bustani," alisema hatimaye. "Sasa yuko vumbini. Buluu hii sikuiona asubuhi, kijani kilikuwa kimeimeza."

"Niirudishe bustani, Baba?"

"Thubutu uone! Zile beti zina jani hata moja?"

"Hazina, Baba."

"Ulipaswa kuzisoma kwanza." Akasogeza mto wake kando, mwanga wa dirisha ukaangukia mahali patupu. "Leta brashi zako hapa. Ukurasa ujao una nyuso arobaini, na macho yangu yamechoka."