Shemeji Mcha Mungu

Tangu lini Mikdad akawa mcha Mungu? Kaka yake alipokuwa hai, adhana ilimkuta kwenye bao na ikamwacha papo hapo. Sasa kaka kazikwa, yeye ndiye kila siku anamkumbusha Shamsia sheria za eda, na nyingine, Shamsia angeapa, kazitunga mwenyewe: mjane asichungulie dirishani, asipokee simu, asiletewe hata salamu za mwanamume.

"Nakulindia heshima, shemeji," alisema kutoka ng'ambo ya pazia. "Shamba la Kiwangwa niachie mimi."

Mh. Fisi naye hulinda bucha.

Shamba hilo la mananasi lilikuwa mahari yake Shamsia. Lilitajwa msikitini siku ya nikaha, mbele ya wanaume, yeye bibi harusi akiwa nyumbani chumbani. Waliosikia basi ni wanaume watupu, na hao ndio Mikdad aliowafungia mlango. Shamsia alipoling'amua hilo, damu ilimchemka.

Na Hajra, mke wa Mikdad, aliyemletea chakula kila siku kisha akakaa kitako mpaka sahani iwe tupu? Mpelelezi tu huyo. Lakini Alhamisi, Shamsia alipomsikia Mikdad barazani akimwambia mnunuzi kwa simu aje kesho, hakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Mzee Bwanausi alikuwa shahidi wa ndoa yangu. Anajua shamba ni la nani."

Hajra alikusanya vyombo, akatoka. Shamsia akajilaumu kwa kumkabidhi adui kisu na mpini wake.

Kesho yake mnunuzi alikuwa ameshaketi barazani hodi ilipobishwa. Shamsia akaitambua sauti ya Mzee Bwanausi.

"Shikamoo mzee," Mikdad aliwahi. "Humu mna eda, wanaume hawaingii."

"Marahaba. Siingii. Nitasemea hapa hapa nje, na majirani wasikie. Bwana mnunuzi, shamba unalouziwa ni mahari ya mjane huyu. Mimi ni shahidi. Na Mikdad alikuwepo, pilau alikula."

Mikdad akauliza, "Nani kakuita?"

Hajra, aliyekuwa akimpakulia Shamsia wali, aliweka upawa chini akatoka nje ya pazia.

"Mimi," alimwambia mumewe. "Ukitaka kuniacha kwa hilo, niache. Ila unilipe kwanza mahari yangu, maana nayo ilitajwa mbele ya wanaume, na mpaka leo sijaiona."