Kaseti Iliyofukizwa Ubani

Siku ya khitma ya marehemu Radjabu, mwaka mmoja tangu azikwe, gitaa lililia uani kwa mjane wake, Bibi Assia, mtaani Buyenzi, mbele ya mashehe wanne na sinia la pilau.

Mambo yenyewe yalianza zamani. Radjabu alikuwa fundi wa redio, na dufu alilipiga kuliko wote mtaani. Mwaka wa sabini na nne, ndoa yao ina miezi mitano tu, aliaga baada ya sala ya alasiri. Anakwenda maulidini Kajaga, kule ufukweni mwa ziwa, na safari hii atayarekodi. Akachukua kaseti mpya, akaiandika kwa kalamu nyekundu. Assia, ambaye shule aliiachia darasa la tatu, aliyasoma maandishi yale kwa kidole: MA-U-LI-DI KA-JA-GA. Mume akatoka, dufu kwapani, mashine ya kurekodia begani.

Alirudi isha imeshapita. Suruali ilikuwa na tope hadi magotini na viganja vimeota malengelenge.

"Leo, mke wangu, nimepiga dufu mpaka basi," alisema.

Assia akachemsha maji ya chumvi, akamkanda kiganja kimoja, kisha cha pili. Alipoomba waisikilize kaseti, Radjabu akatikisa kichwa. "Apana. Itachakaa. We iweke pahali pazuri."

Basi akaiweka pazuri, juu ya kabati, kando ya msahafu, ndani ya kitambaa cheupe. Kila Ijumaa alipofukiza ubani, msahafu ulipata moshi wake na kaseti nayo ikapata wake. Ikawa hivyo miaka hamsini na ushee. Siku za kukimbia mabomu aliacha masufuria yote jikoni, kaseti akaifunga kiunoni.

Ndiyo maana mwanawe Shakuru, muuza vipuri vya magari, alipotaka kuwaheshimisha wageni wa khitma, aliazima redio ya jirani akatangaza kwa sauti ya mtu mwenye mali: "Leo mutasikia maulidi aliyorekodi baba mwenyewe!"

Akabonyeza. Ukaja upepo. Mtu akahesabu kwa Kifaransa, moja mpaka nne. Kisha likaja hilo gitaa. Lilikoroma, likapanda, likajikunja juu huko na kulia kama bati linalokatwa kwa msumeno, na nyuma yake watu wakapiga mbinja. Kijiko cha shehe mmoja kilibaki hewani. Shakuru akatafuta pa kuzima, akazungusha pa kuongeza sauti.

Wageni walipoondoka, tena mapema, Shakuru alisimama mbele ya mama yake.

"Mama, hiyo kitu naichoma. Nitapita wapi msikitini? Baba aliandika maulidi juu ya wendawazimu. Alitudanganya."

"Kuchoma ni dakika moja tu," alisema Bibi Assia. "Niache kwanza nijue."

"Ujue nini tena? Si umesikia?"

"Nimesikia. Bado sijasikiliza."

Shakuru akavuta pumzi. "Ijumaa. Ikifika Ijumaa, naichoma."

Bibi hakulala vizuri. Radjabu hakuwahi kumdanganya, hata bei ya samaki. Kama jioni ile ilikuwa ya uongo, ni jioni ngapi nyingine? Lakini kila alipofika hapo alikumbuka vile viganja. Malengelenge aliyakanda mwenyewe, maji yake aliyaona. Mtu hapati malengelenge kwa kusikiliza gitaa la mwenzake.

Asubuhi akajitanda mtandio, akaenda kwa miguu hadi mtaa wa Asiatique, kwenye kijichumba cha Gaëlle, msichana wa mtaa wa Kinama ambaye kazi yake ilikuwa kutoa kaseti za zamani za harusi na kuzitia kwenye kompyuta. Gaëlle aliifungua kaseti, akainusa, akainusa tena.

"Bibi, hii kaseti ilikuwa inavuta sigara?"

"Naifukiza ubani. Kila Ijumaa."

"Ubani!" Gaëlle akacheka mpaka akashika meza. "Mi nimeona kaseti za mchanga, za bia, moja ilikuwa na mende. Ya ubani ni ya kwanza."

"Cheka ukimaliza uniambie kama itapona."

Nusu ya kwanza ya mkanda ilipita vizuri. Gaëlle alipoisikia, kicheko kikamtoka usoni, akavuta kiti. "Bibi, we unajua umefukiza nini? Hii inaitwa roki psikedeliki, muziki wa kuota macho wazi. Na ni ya hapa kwetu! Vijana wa hapa! Mi nilijua ziko za Wazungu tu." Lakini nusu ya pili ilikuwa imenata kwa moshi. Angeifungua polepole, kidogo kila siku, mpaka Ijumaa. Nayo ingepita mara moja tu, pengine isirudi tena.

"Sasa mi nitangoja nikifanya nini?"

Gaëlle akamvika spika za masikioni. Yeye alikusanya rekodi za matamasha ya kale, akibadilishana na watu wa nchi za mbali: kumbi zilizokwisha bomolewa, wapigaji waliokwisha kufa. Bibi Assia akakaa, chai mkononi, akasikiliza. Na maswali yakaanza.

"Mbona hawaanzi?"

"Wanakaza nyuzi, Bibi."

"Mbele ya watu? Hawana haya." Baada ya muda: "Wimbo gani huu? Chai yangu imeisha, wenyewe haujaisha."

"Ndivyo walivyopenda. Wanaingia, wanapotea, wanatafuta pa kutokea."

Bibi akaomba chai nyingine. Siku ya pili alijiwekea mto kitini. Siku ya tatu alisema, kama anayejisemea: "Ni kama zikiri. Unarudia, unarudia, mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Tofauti hawa hawajui wanamwita nani."

Alipopewa tena nusu ya kwanza ya kaseti yake, hakufuata gitaa. Gitaa lilikuwa mbele, kila mtu analisikia. Yeye alitega sikio nyuma ya gitaa.

"Hiyo ngurumo ya chini ni jenereta," alisema. "Inakwamakwama, mafuta yanaisha. Na hao ni vyura. Na huyo, umesikia? Huyo ni kiboko anapumua. Ni Kajaga kweli, ukingoni kabisa. Ndiyo lile tope."

Gaëlle akamtazama. "Mi nilitaka kuzifuta hizo. Nilisema ni makelele."

"Usithubutu!"

Basi angalau kwenda, alikwenda Kajaga. Hilo likamtuliza kidogo, halikutosha.

Ijumaa, Shakuru alifika kwa Gaëlle kabla ya sala, kanzu imepigwa pasi, kiberiti mfukoni. "Mama, siku zimekwisha."

"Kaa. Tunaanza."

"Mi sikai kwenye mambo haya."

"Basi simama. Lakini nyamaza."

Gaëlle akabonyeza, taratibu, kama anayeweka yai. Mkanda ukalalamika, ukazunguka. Gitaa likapanda kama mwanzo. Kisha, karibu kabisa na mashine, mtu akasema: "Radjabu, we si ulikuwa unakwenda maulidini?"

Na sauti nyingine, changa, yenye kicheko ndani yake, ikajibu: "Nitafika. Ngoja kwanza. Hii gitaa inatafuta kitu, nataka kujua kama itakipata."

Bibi Assia akaweka kikombe chini. Alikuwa amesahau kwamba sauti ile iliwahi kuwa nyembamba hivyo.

Gitaa likaendelea kutafuta. Ghafla jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima, na gitaa likafa nayo. Wakabaki vyura. Watu wakapiga mbinja, wakazomea, mmoja akapaza sauti, "Twendeni nyumbani!" Viti vikaburutwa.

Hapo dufu likalia.

Pa, pa, kisha kimya kidogo, pa. Pigo la tatu lilichelewa kama mtu anayeruka mfereji. Shakuru akageuka kutoka mlangoni. Hakuna aliyechelewesha la tatu namna ile isipokuwa baba yake, na yeye mwenyewe aliyefundishwa naye. Dufu likakaza. Sauti ya Radjabu ikaanza kaswida, peke yake. Mwitikio wa kwanza ukatoka kwa watu watatu, wa pili kwa ishirini, wa tatu kwa ufukwe mzima, na wasiojua maneno walipiga makofi. Dakika kumi nzima, robo saa, dufu halikupumzika.

Bibi alitazama viganja vyake mwenyewe.

Kisha jenereta ikanguruma. Gitaa likarudi, safari hii polepole, likizungukazunguka kama mgeni mlangoni, mpaka likaingia chini ya lile pigo lililochelewa, likakaa humo. Dufu halikuacha. Vyote viwili vikaenda pamoja hadi mkanda ulipokatika.

Kilichobaki kikisikika ni vidole vya Shakuru. Vilikuwa bado vinagonga kwenye mbao za mlango: pa, pa... pa. Alipoona anatazamwa akavikunja kiganjani.

"Hata hivyo maulidini hakufika," alisema.

"Hakufika," alisema Bibi Assia. "Wala hakuniambia alifika. Kaseti aliiandika kabla hajatoka, mi mwenyewe niliisoma. Aliporudi alisema amepiga dufu mpaka basi. Mi ndiye sikuuliza ni wapi." Akacheka kidogo, machozi yakiwa karibu. "Muoga huyo! Miaka yote hiyo ananiona nafukiza, ananyamaza. Lazima alikuwa anaumwa mbavu kwa kicheko."

Shakuru akatoa kiberiti mfukoni, akakigeuza, akakirudisha. "Adhana iko karibu," alisema. Lakini hakuondoka. "Gaëlle, pale dufu linapoanza, unaweza kunitilia kwenye simu?"

"Pale tu, au na gitaa?"

Akafikiri. "Na gitaa. Lakini kwa chini."

Bibi Assia akaomba kalamu nyekundu. Akaivuta kaseti karibu, akainama, na chini ya maandishi ya mumewe, kwa herufi za darasa la tatu, moja baada ya nyingine, akaongeza: NA GITA.

"Bibi," alisema Gaëlle, "tafadhali usiifukize tena."

"Nitaiweka mbali kidogo," alisema Bibi, akiupuliza wino ukauke. "Sasa rudisha nyuma, humo kwenye kompyuta. Pale kwa kiboko. Nadhani walikuwa wawili."