Wino Mwekundu wa Bernadeta

"Miaka saba, mama," alisema katibu wa kijiji, kidole juu ya wino mwekundu daftarini. "Wewe bado miwili."

"Lakini nilishalipa, Ndugu Katibu! Niliuza mbuzi wangu!"

"Kulipa ulilipa. Ila ulichelewa, na kuchelewa kwako kuliandikwa mwaka sabini. Jina lenye wino mwekundu halikopeshwi mpaka miaka saba iishe. Kanuni yetu inahesabu miaka. Haihesabu mbuzi."

Bernadeta alirudi kwenye benchi roho ikimuuma. Kabichi zake kule mlimani, juu ya Bigwa, zilikuwa zimedumaa na kugeuka manjano. Mbolea ya chumvichumvi ya mkopo ilikuwa imebaki mfuko mmoja tu. Akiukosa, msimu umekwenda.

Halafu, jamani, likaitwa jina la Josephina! Wifi yake huyo, mke wa kaka yake, alikopa mbolea mwaka sitini na nane na hakurudisha hata senti. Hata senti moja! Lakini miaka saba yake ilikuwa imetimia, jina limetakata. Akanyanyuka kwa madaha, kanga mpya kiunoni. Bernadeta alimwonea wivu mpaka mate yakawa machungu mdomoni.

"Kuna mwenye pingamizi?" katibu akauliza.

"Mimi." Alishasimama kabla hajajua kama amesimama. "Mwaka sabini na tatu alichukua mbegu za njegere kwa jina la kaka yangu. Mpaka leo hajalipa. Nilimsaidia kuzibeba."

Josephina akamgeukia. "Wifi! Wewe wa kunifanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe."

Katibu alifunua kurasa, akaona, akachovya kalamu. "Basi hadi mwaka themanini," alisema. Jina safi halikubaki hata moja, kwa hiyo mfuko ukarudishwa kwenye lori lililouleta, uende kijiji kingine.

Bernadeta alitoka amejaa raha. Raha yenyewe ilimfikisha mlangoni tu.

Lori liliondoka likirukaruka juu ya mawe. Kwenye kona, mfuko ukapasuka pembeni, chembe nyeupe zikamwagika barabarani, na dereva hakuona. Josephina alipiga magoti. Akaanza kuzizoa na kuzitia kwenye upindo wa kanga yake mpya.

Bernadeta alisimama akimtazama. Konzi moja. Mbili. Tano. Mbona anajaza hivyo!

Akachuchumaa upande wa pili wa barabara, akaanza kuzoa haraka zaidi.