Tangi la Pili

Priska, mkaguzi wa magari ya zamani, alipanda Newala kukagua gari la mbio la Baba Naima, lililosifiwa kwa tangi lake la pili la petroli, la kiwandani, adimu kama nini. Alilala chini ya gari, akamulika tochi. Tangi lilikuwa jipya, halina namba. Akaandika: "Si la kiwandani."

"Nawa kwanza, mwanangu," alisema Baba Naima, akimwonyesha tangi la maji ya mvua pembeni mwa nyumba.

Priska alipoinama, akaona namba ya kiwanda karibu na koki.

"Aa, hilo kuukuu," mzee akacheka. "Nililitoa garini juzi, nisiaibike mbele ya mgeni. Ila huku kwetu chombo kinachoshika maji hakitupwi."

Priska akaisoma namba yote, isipokuwa tarakimu mbili za mwisho. Hapo ndipo mzee alipotoboa tundu la koki.