Pingamizi la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, saa nne na robo asubuhi, karakana ya kushona ilipowaka moto. Mke wangu alikuwa ndani. Mlango ulikuwa umepigwa kufuli kwa nje. Wenzake waliruka dirishani. Yeye mguu wake mbovu haukumruhusu.

Wakubwa hawakosi wa kumtwika lawama. Udongo wa kaburi haujakauka, wakamkamata mwanetu, mtunza stoo wa pale, eti ndiye aliyefunga. Yaani kamfungia mama yake mzazi! Polisi walikaa naye siku mbili, wakatoka na karatasi ya kukiri yenye dole gumba. Kijana wangu ana mwandiko mzuri kuushinda wa mwalimu wake. Dole gumba la nini?

Wakili tuliyepewa alikuwa binti mwembamba, sauti kama ya mtu anayeomba maji. Karatasi ilipoletwa mahakamani akasimama, akasema mteja wake alipigwa, na sheria inataka kwanza ichunguzwe kama alikiri kwa hiari. Hakimu akajibu hana muda wa kuchezea, karatasi imepokelewa. Kalamu akailaza mezani.

Binti hakukaa.

"Wakili, nimeshaamua. Keti."

"Nitaketi, Mheshimiwa. Naomba kwanza pingamizi langu liandikwe, na sababu zake, na kwamba umelikataa."

Watu wakacheka. Hakimu akaishika kalamu kama aliyelazimishwa kushika chura, akaandika. Ikawa hivyo kila shahidi, mpaka makarani wakambandika jina: Bi Iandikwe.

Mimi mwenyewe nilimkaripia koridoni. Nikamwambia hakimu kashika mpini, sisi tumeshika makali. Akimchokoza, atakayekatwa ni mwanangu.

"Baba, hapa tutashindwa," akasema. "Majaji wa rufaa hawatanisikia mimi. Watasoma alichoandika hakimu. Lisiloandikwa hapa, kule halikusemwa."

Tukashindwa kweli. Mwanangu akapewa miaka kumi na miwili jela. Salamu ya yule binti sikuitikia mwezi mzima.

Rufaa ikasikilizwa mwaka na miezi minne baadaye, mbele ya majaji watatu. Wakili wa serikali, suti yake imenyooka kuliko maneno yake, akadai karatasi ile haikupingwa na mtu, mfungwa anazua leo. Jaji wa katikati akamwomba afungue ukurasa wa arobaini na moja, asome kwa sauti.

Akasoma. Maneno ya hakimu mwenyewe, pingamizi na sababu zake zote, na sauti ikimshuka kama redio inayoishiwa betri. Sijasikia usomaji mtamu kama ule tangu nizaliwe.

Karatasi ikatupwa nje, na bila karatasi kesi ikabaki mifupa mitupu. Mwanangu akaachiwa mchana ule ule. Kanizidi kimo, lakini nilimbeba mpaka ngazi za mwisho, watu wakipiga vigelegele. Kisha nikamgeukia Bi Iandikwe nikampa shikamoo, mimi na mvi zangu. Akajificha uso kwa faili.

Sasa kufuli lile lilikuwa na funguo mbili. Mmoja wa stoo, mwingine wa meneja. Jumatatu nikaenda kumwuliza. Mlinzi wa getini akasema bosi yuko mkutanoni. Nimerudi mara sita, mkutano haujaisha. Majaji wamesema si mwanangu. Basi nani aliyemfungia mke wangu ndani?